Muzimu naye hana ruhusa ya kutoka

Wiki hii ni zamu ya kikundi chetu cha kusoma. Tumekubaliana tuandike juu ya swali ambalo tumeulizwa mara nyingi, mara kwa kicheko, mara kwa hasira: inakuwaje watu tuliokimbia vifo tunakaa jioni kusoma vitabu vya mizimu na wauaji?

Mama mmoja jirani aliuliza vizuri kuliko wote. Alisimama mlangoni, akashika kiuno, akasema: "Wanangu, yale mulioona Kongo hayakutosha? Munaenda kuyatafuta tena ndani ya karatasi?" Siku ile hatukuwa na jibu. Tulicheka kidogo, tukafunga kitabu mpaka aondoke. Haya maandishi ndiyo jibu letu kwako, mama. Limechelewa, utusamehe.

Kwa wasiotujua, sisi tuko Dzaleka, Malawi, wilaya ya Dowa, kama kilomita 40 kutoka Lilongwe. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994. Kabla ya hapo palikuwa gereza, na wakati wa Rais Kamuzu Banda walifungwa hapa wafungwa wa siasa. Hata jina la mahali, wenyeji wanatuambia, ni kama kiapo cha mtu aliyepigwa: sitarudia tena. Kwa hiyo kabla hujafungua kitabu chochote, tayari unaishi mahali ambapo mtoto akitumwa maji jioni anaambiwa awahi kurudi, maana wafungwa wa zamani wanatembea. Kikundi chetu ni watu kumi na mmoja: Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda wawili. Wengine bado wako sekondari, wengine tumemaliza fomu foo na tunajitolea huku na kule tukisubiri kitu ambacho hatujui ni nini.

Vitabu vyenyewe vilikuja kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ilikuwa boksi. Shirika moja lilileta maboksi ya vitabu vya Kiingereza vilivyotolewa na watu wa ng'ambo. Vingi vilikuwa vya kulipa kodi ya nchi nyingine, vya kupika keki, na vya jinsi ya kupunguza mwili. (Hicho cha mwisho tulikicheka siku nzima, kwa sababu mwezi huo mgao ulikuwa umepunguzwa, hatukuhitaji kitabu.) Chini kabisa ya boksi moja tukakuta riwaya nyembamba, jalada limekunjika: The Ghost and Mrs. McClure, ya Alice Kimberly, iliyotoka mwaka 2004. Baadaye tulijifunza kwamba Alice Kimberly si mtu mmoja. Ni jina la kalamu la mke na mume wanaoandika pamoja.

Hadithi iko hivi. Mjane anayeitwa Penelope anahamia na mtoto wake wa kiume kwenye mji mdogo wa Rhode Island, Marekani, kumsaidia shangazi yake kuendesha duka la vitabu. Mwandishi maarufu anakuja dukani kuzungumza na wasomaji, anaanguka na kufa mbele ya watu. Siku hizohizo Penelope anaanza kusikia sauti ya mwanaume kichwani. Ni Jack Shepard, mpelelezi aliyeuawa ndani ya jengo hilohilo miaka ya 1940. Hakuna mwingine anayemsikia. Jack anajua kazi ya upelelezi lakini hana mwili. Penelope ana mwili, lakini kazi haijui. Wakiungana wanakuwa mpelelezi mmoja mzima.

Kitabu kimoja, watu kumi na mmoja. Tulifanya hivi: mmoja anasoma aya kwa Kiingereza, mwingine anaigeuza kwa Kiswahili, na pembeni kuna mtu anamnong'oneza mdogo wake kwa Kirundi. Kurasa tano zilimaliza jioni nzima. Lakini hatukuona uchovu, kwa sababu kila tukifunga kitabu, ugomvi ndiyo unaanza. Nani alimuua? Kwa nini yule mwanamke halii? Na wewe unamtetea huyo kwa nini, ni shemeji yako?

Siku tulipofika mahali ambapo inaonekana Jack hawezi kutoka nje ya lile duka, kwamba amefungwa pale alipofia, mmoja wetu akapiga makofi: "Bana! Kumbe muzimu naye hana ruhusa ya kutoka!" Tulicheka mpaka watu wa nyumba ya pili wakaja kuangalia. Wasomaji wa nchi nyingine labda hamtaelewa. Hapa Malawi sheria inataka mkimbizi aishi kambini, na ukitaka kwenda mjini unaomba ruhusa. Kuanzia siku ile Jack akawa mtu wetu. Tulimpa hata bloku.

Njia ya pili ilikuwa baba mmoja aliyepitia Tanzania kabla ya kufika huku. Ndani ya begi lake alikuwa amebeba fotokopi ya Mzimu wa Watu wa Kale, ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Kitabu hicho kilishinda mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958 yaliyofanywa na East African Literature Bureau, kikachapishwa mwaka 1960, na wengi wanakihesabu kuwa riwaya ya kwanza ya upelelezi kwa Kiswahili. Mpelelezi wake ni Bwana Msa. Si polisi. Ni mtu wa kawaida mwenye kiko chake na akili zake. Abdulla aliendelea kuandika juu yake miaka mingi, Kisima cha Giningi mwaka 1968, Siri ya Sifuri mwaka 1974, na vingine.

Mwanzoni Kiswahili chake kilitupiga chenga. Ni cha Unguja, na sisi tunaongea cha Uvira, Fizi, Bujumbura na Kigoma, vyote vimechanganyika kama maharage ya mgao. Kila ukurasa tulikuwa na maneno ya kumpelekea yule baba atufafanulie. Lakini hadithi yenyewe ilitukamata. Tajiri mmoja mwenye mashamba anakutwa amekufa pale kwenye mzimu, mahali ambapo watu wa kale walitoa sadaka. Watu wanatetemeka. Mzimu umemuua! Bwana Msa anawasha kiko, anaanza kuuliza maswali madogomadogo ambayo hakuna aliyeona yana maana.

Hapo neno lenyewe lilituletea mjadala. Kwa huyu mwandishi, mzimu ni mahali: pango, mti, jiwe, pale watu wanapoombea wazee waliotangulia. Sisi wa Kongo tukisema muzimu, ni yule marehemu mwenyewe anayerudi. Warundi na Wanyarwanda wakasema kwao ni abazimu, roho za waliokufa, na si vizuri kuwakasirisha. Rafiki zetu Wamalawi wa kijiji cha jirani nao wanasema mizimu, neno lilelile. Tuliona ajabu. Tumevuka mipaka mitatu, minne, tumebadilisha pesa, tumebadilisha chakula, lakini wafu wana jina moja njia nzima.

Sasa, fotokopi ile ilikuwa na kasoro moja kubwa. Kurasa za mwisho hazikuwemo. Tulifika pale Bwana Msa anapokaribia kusema, karatasi zikaisha! Mmoja wetu alitaka kulia kweli. Tukakaa kama wiki tatu tukibishana. Kila mtu aliandika kwenye kikaratasi jina la muuaji wake na sababu, tukaweka karatasi kwenye kopo la maziwa, na dau lilikuwa chapati: atakayekosea anamnunulia aliyepatia. Mwishowe rafiki yetu aliye Kigoma akapata nakala kwa mwalimu mmoja, akapiga picha kurasa za mwisho, akatutumia kwa WhatsApp. Bando lilikata katikati, tukachanga tukanunua lingine.

Tulifungua kopo. Hakuna aliyepatia. Hata mmoja! Hatutasema muuaji ni nani, mtafute kitabu msome wenyewe. Lakini tulikaa kimya kidogo. Wote kumi na mmoja tulikuwa na uhakika. Wengine tuliandika na kupigia mstari. Na wote tulikuwa tumemhukumu mtu ambaye hakufanya kitu. Tulikula chapati kwa kuchangiana, tukasema basi, ni hadithi. Hatukujua kwamba tutalikumbuka kopo lile.

Kabla ya kufika huko, tueleze kidogo tulichogundua juu ya vitabu hivi. Viko vya aina mbili. Aina ya kwanza ni kama ya Bwana Msa: watu wanasema ni mzimu, mwishoni inaonekana ni mtu aliyejificha nyuma ya hofu za wenzake. Hata Sherlock Holmes, ambaye wasomi wanasema ndiye Bwana Msa alimfuata, ana hadithi kama hiyo. Tuliisoma kwa toleo fupi la wanafunzi, The Hound of the Baskervilles ya mwaka 1902. Kuna mbwa wa kuzimu anayewinda ukoo mmoja, kumbe nyuma ya mbwa kuna binadamu na hesabu zake za urithi. Cha kuchekesha ni kwamba Arthur Conan Doyle, aliyeiandika, yeye mwenyewe baadaye aliamini kabisa kwamba wafu wanaongea na walio hai, hata akaandika historia ya imani hiyo mwaka 1926. Mpelelezi wake haamini, mwenyewe anaamini! Aina ya pili ni kama ya Penelope na Jack: mzimu ni wa kweli, anaongea, anatania, na anasaidia kutafuta ukweli.

Lakini katika vitabu vyote tulivyosoma vya aina hizo mbili, kuna kitu kimoja hakibadiliki. Aliyeua ni binadamu mwenye mikono na sababu. Marehemu hana kosa. Akirudi, anarudi kwa sababu kuna jambo halijasemwa.

Na mpelelezi mara nyingi ni mtu ambaye hakuna aliyemtuma. Mjane wa duka. Mzee wa kiko. Hana sare, hana kitambulisho cha ofisi, hawezi kumkamata mtu. Ana masikio, na ana muda. Tuliangaliana. Muda! Sisi ndio matajiri wa hicho kitu.

Sasa tuseme lililotokea.

Ilikuwa mwezi wa sita, wakati wa baridi na upepo. Kwenye bloku moja, ambayo hatutaitaja, watu wakaanza kusikia kilio usiku. Saa nane, saa tisa. Baada ya kilio, kitu kinagonga: ko, ko, ko. Wiki hiyohiyo watoto wawili wakapata homa. Ikatosha. Pale kuna bibi mmoja mjane anayeishi peke yake, haongei sana, haendi kwenye misiba. Watoto wakaacha kumsalimu. Asubuhi moja tukakuta mtu ameandika kwa mkaa kwenye mlango wake neno "mfiti", ambalo kwa Kichewa ni mchawi. Tulimuuliza mzee mmoja tunayemheshimu anasemaje. Akajibu: "Lisemwalo lipo, kama halipo laja."

Tungekuwa waongo tukisema hatukuogopa. Mmoja wetu alisema wazi kabisa kwamba yeye anaamini, kwao alishaona. Wengine tulinyamaza, na kunyamaza kule kulikuwa kukubali. Ndipo dada wa kikundi chetu anayeuza nyanya sokoni akauliza, kama mzaha: "Na Bwana Msa angeuliza nini?"

Tukachukua daftari. Tukaandika maswali matano. Nani amesikia kwa masikio yake mwenyewe, na nani ameambiwa tu? Saa ngapi, na kutoka upande gani? Watoto waliugua kabla ya kilio au baada? Ni nini kinachogonga? Na la mwisho, ambalo vitabu vyote vinalo: bibi akiondoka, nani anapata nini?

Tuliongea na watu kumi na tisa, kwa adabu, huku tukisaidia kuteka maji ili tusionekane tunahoji. Watu wote kumi na tisa walikuwa wanajua habari ya kilio. Waliosikia wenyewe walikuwa wanne. Mtoto mmoja aliugua siku mbili kabla ya kilio cha kwanza, mama yake alihesabu siku kwa vidole akashangaa mwenyewe. Mama wa mtoto wa pili alitutolea karatasi ya kliniki: malaria, na mtoto alikuwa tayari anacheza. Kile kinachogonga tulikipata mchana kweupe. Ni bidoni tupu, mtu aliifunga kwa kamba kwenye nguzo ya ua, na upepo ukija upande wa mashariki inapiga bati. Tuliikata kamba. Ko-ko-ko ikaisha usiku uleule.

Kilio hakikuisha.

Basi watatu kati yetu, pamoja na mjomba mmoja wa walinzi wa usiku, tulikaa nje siku mbili tumejifunika mablanketi. Usiku wa pili tukasikia. Hatutajifanya mashujaa, magoti yalikuwa yanagongana. Tukazunguka nyuma ya nyumba taratibu. Alikuwa ni bibi mwenyewe. Amekaa chini, amejifunika kitenge kichwani, analia.

Watu walikuwa wamesema kilio kinatoka kwa bibi, na kweli kilitoka kwa bibi. Sehemu hiyo hawakudanganya. Tulirudi nyuma kwa vidole kama wezi. Mjomba mlinzi alijifuta macho akasema ni moshi, na hapakuwa na moto popote.

Hapa vitabu vyetu vilituacha njia panda. Katika vitabu, mpelelezi akishajua anawaita watu wote kwenye chumba kimoja, anazunguka, anaeleza, kisha ananyoosha kidole. Tukifanya hivyo hapa, tutasema nini? Tutatangaza machozi ya mtu mzima kwenye mkutano wa bloku? Na lile swali la tano lilikuwa na jibu pia. Kuna mtu mmoja aliyekuwa ameshamwomba bibi mara mbili amwachie sehemu ya kiwanja. Jina lake lilikuwa kwenye daftari letu. Dada wa nyanya akasema: "Kumbukeni kopo." Tukakumbuka. Vikaratasi kumi na kimoja, vyote vimepigiwa mstari, vyote uongo. Kutaka kiwanja si ushahidi kwamba yeye ndiye alianzisha maneno. Tukalifuta lile jina mpaka karatasi ikatoboka.

Daftari tulimpelekea mama kiongozi wa wanawake wa bloku, peke yake. Alisoma yote bila kusema kitu. Jioni akachukua mkeka wake akaenda kulala kwa bibi. Kesho yake akatuambia kidogo tu, na kwa ruhusa ya bibi tunawaambia na nyinyi. Mtoto wake wa mwisho alibaki njiani wakati wa kukimbia. Angekuwa na umri wetu. Usiku usingizi haumchukui. Na anatoka nje kulia kwa sababu ukuta wake ameshirikiana na jirani mwenye mtoto mchanga, hakutaka kuwaamsha.

Hakutaka kuwasumbua. Ndiyo sababu bloku nzima ilimsikia.

Kiongozi wa bloku aliitisha mkutano. Akaonyesha bidoni, akaonyesha karatasi ya kliniki kwa ruhusa ya mwenyewe, akasema homa ni ya mbu na kugonga ni kwa upepo. Kuhusu kilio alisema maneno machache tu: kuna mzazi mwenzetu ana huzuni, na nani hapa hana? Kina mama wakapanga zamu ya kulala kwa bibi. Neno kwenye mlango likasuguliwa kwa mchanga, ingawa ukiangalia vizuri alama bado iko. Tusiwadanganye kwamba yote yaliisha vizuri kama kwenye ukurasa wa mwisho. Kuna nyumba moja mpaka leo hairuhusu watoto kumsalimia. Yule mwenzetu aliyeamini naye anasema bado anaamini wachawi wapo, ila si huyu. Tumekubaliana naye hapo. Inatosha.

Kuna jambo moja limebaki, na ni gumu kuliko la bibi.

Mwenzetu mmoja, kijana wa Fizi, aliacha kuja kwenye kikundi katikati ya kile kitabu cha Jack. Tulidhani ni kibarua. Tulipomfuata akatuambia: "Yule mama wa Marekani ana bahati. Muzimu wake anaongea. Papa yangu ni miaka tisa sasa, hajasema kitu." Baba yake alitoka kwenda shamba siku ambayo risasi zilianza, na hakuna aliyemuona tena. Hawakumzika. Hawajui kama wamlilie au wamngojee. Mama yake mpaka leo anamwekea sahani siku ya Krismasi.

Hatukumpa methali. Hatukumwambia Mungu anajua, ingawa tunaamini anajua. Tulikaa naye tu pale nje mpaka giza likaingia. Na tukaelewa kwamba mama jirani aliyesimama mlangoni alikuwa na haki ya kuuliza. Vitabu hivi vinaweza kumchoma mtu mahali ambapo hukuona kidonda. Kuanzia hapo tuliweka sheria: mtu yeyote akisema "funga", kitabu kinafungwa, na hakuna anayemuuliza kwa nini.

Baada ya kama mwezi alirudi mwenyewe. Alikuwa na karatasi mbili za daftari zilizojaa pande zote. Ameandika hadithi. Mpelelezi wake ni mama anayeuza mandazi karibu na kisima. Muzimu ni baba fulani mwenye viatu vya mpira. Tofauti na Jack, muzimu huyu hajui nani alimuua. Hajui hata kama aliuawa. Anakumbuka njia tu, na mwembe, na kitu kimoja kingine: aliona mtoto wake anakimbia, na mtoto alikimbia vizuri.

Alisoma mwenyewe mpaka mwisho. Hakuna aliyesema "funga".

Mfanyakazi mmoja wa shirika aliposikia habari hiyo alifanya kitu cha maana. Hakumwambia aache hadithi za mizimu. Alimweleza kwamba Msalaba Mwekundu una kazi ya kutafuta ndugu waliopotezana kwa sababu ya vita, kwamba kuna fomu, unaandika majina, mahali, siku uliyomuona mara ya mwisho, alikuwa amevaa nini. Mwenzetu alishangaa: maswali yalikuwa yaleyale ya wapelelezi. Na yeye majibu alikuwa ameshayaandika kwenye hadithi, mpaka viatu. Amejaza fomu. Jibu halijaja. Anajua linaweza lisije. Lakini anasema sasa angalau na yeye ameuliza.

Kwa hiyo, mama, jibu letu ni hili. Hatusomi vitabu hivi kwa sababu tunapenda vifo. Kule tulikotoka watu walikufa na hakuna aliyeuliza. Asubuhi watu walibeba mizigo wakaondoka, na aliyeua naye labda alibeba mzigo wake akaondoka, labda hata alipanga foleni moja na sisi. Katika vitabu hivi mtu mmoja tu akifa, kurasa mia mbili zinasimama kumuuliza: alikuwa nani, alikula nini jana, nani alimpenda, nani alimchukia. Mara ya kwanza tuliona ni kupoteza muda. Sasa tunaona ndiyo heshima mtu anayostahili. Tunajifunza kuuliza hivyo, polepole, na bila kunyoosha kidole haraka.

Kwa nyinyi wa mashirika, ombi letu ni dogo. Mkileta vitabu, vya afya na vya kilimo tunashukuru, lakini leteni na riwaya, na za Kiswahili zikiwemo. Na mkituona tunasoma mambo ya mizimu, kaeni kidogo msikilize kabla ya kuuliza yanatusaidia nini. Kwa nyinyi vijana wenzetu wa Nyarugusu, Nakivale, Kakuma na kokote mlipo: kitabu kimoja kinatosha watu kumi na mmoja. Hata kikikosa kurasa za mwisho. Hasa kikikosa kurasa za mwisho. Mkiwa na riwaya yoyote ya Bwana Msa, mtupigie picha ukurasa kwa ukurasa, bando tutachanga.

Sasa tumeanza Kisima cha Giningi. Tunasoma Jumanne na Alhamisi jioni. Mama jirani huwa anapita saa hizohizo kuomba chumvi. Anasimama mlangoni, chumvi mkononi, mpaka tumalize sura. Juzi tulifunga kitabu mapema kwa sababu tochi ilikuwa inazimika, akagomba: "Sasa munaacha hapo? Na yule mutu aliingia kisimani ao hakuingia?"

Tukamwambia arudi Alhamisi. Chumvi anayo ya mwaka mzima sasa.